Safu ya Lugha: Presha ya Mafuta

Fundi anachomoa mpira wa petroli kwenye pikapu ya zamani, mwenzake anapiga starta, petroli inaruka ndani ya chupa, naye anatangaza: "Presha ipo!" Hapana, fundi. Huo ni mtiririko. Presha ni ule msukumo wa mafuta yakibanwa njiani, na husomwa kwenye geji tu. Pampu iliyochoka yaweza kujaza chupa na bado gari likakosa nguvu mlimani. Pikapu ya kabureta hutosheka na paundi 3 hadi 6 hivi kwa inchi ya mraba. Ya nozeli za petroli kwa kawaida hudai 35 au zaidi.

Neno ni la Kiingereza, ila limeshaota mizizi. Mtu akiwa "na presha", imepanda. Gari likisemwa lina shida ya presha, mara nyingi imeshuka. Shinikizo, zamani chombo cha kukamulia mafuta, siku hizi limehamia kwenye siasa. Vitabu vya fizikia vina kanieneo, sahihi kabisa, lakini jaribu kulitamka gereji uone utakavyotazamwa. Tubaki na presha, ila mafundi wetu, msiitaje kabla hamjafunga geji.