Usiku wa Hiroshima kwa Saa ya Lucky Summer

Japani iko mbele ya Kenya kwa saa sita, na hesabu yetu ya Kiswahili inapishana na ya Kizungu kwa saa sita vilevile. Tofauti hizo mbili zikikutana, zinafutana. Saa ya ukutani Hiroshima ikionyesha 8:15 asubuhi, mama wa mtaa wetu wa Lucky Summer, Nairobi, anayeamka kumpa mtoto dawa ya kikohozi atakwambia ni saa nane na robo usiku. Tarakimu ni zilezile, ila kwao jua limeshapanda na kwetu ni giza. Kwa hiyo mkasa wa Agosti 1945 naweza kuusimulia saa kwa saa nikiwa hapa mtaani bila kubadilisha nambari hata moja.

Mtaa wenyewe haukuwapo wakati huo. Watu wetu walikuwapo. Maelfu ya askari wa Afrika Mashariki waliovaa sare za King's African Rifles walikuwa wamepigana na Wajapani katika misitu ya Burma mwaka mmoja tu nyuma, na wengi walikuwa hawajarudi nyumbani.

Saa 1:45 usiku, Jumapili tarehe 5. Kwetu chakula cha jioni kiko mekoni. Katika kisiwa cha Tinian, kwenye Bahari ya Pasifiki, ndege ya Kimarekani inayoendeshwa na Paul Tibbets inaruka kuelekea kaskazini. Rubani ameiandika ubavuni jina la mama yake mzazi, Enola Gay. Hilo naliacha kama lilivyo. Tumboni mwa ndege mna bomu moja la urefu wa mita 3 na uzito wa zaidi ya tani 4, na ndani ya bomu mna kilo 64 za urani iliyorutubishwa.

Hapa inabidi nisimamishe saa, kwa sababu urani hiyo haikuanzia Tinian. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Manhattan, mpango wa Marekani uliounda bomu hilo, ilitoka Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga nchini Kongo, mgodi uliogunduliwa mwaka 1915 na kumilikiwa na kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa tajiri kupita kiasi. Kwingineko duniani jiwe lenye urani chini ya asilimia moja linahesabiwa kuwa na faida, lakini shehena bora za Katanga zilikuwa na asilimia 65. Mwaka 1940, kwa kuhofia Wajerumani, mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi ghala moja la Staten Island, New York. Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani aliingia ofisini kwa Sengier mjini humo kuulizia urani, akaambiwa mzigo tayari uko mjini. Biashara ilimalizika kikao hichohicho.

Sengier alipewa nishani na Marekani baada ya vita. Waliochimba walikuwa Wakongo chini ya ukoloni ambao haukuwa na desturi ya kumuuliza Mwafrika kama anataka kazi. Waliyavunja mawe, wakayachambua kwa mikono, wakayapakia magunia, na vumbi lake wakalivuta. Kwa hiyo watu wa kwanza kuguswa na bomu la Hiroshima hawakuwa Wajapani.

Saa 7:09 usiku. King'ora kinalia Hiroshima. Ndege moja ya Kimarekani imeonekana juu, nayo imekuja kutazama hali ya hewa tu. Watu wanakimbilia mahandaki. Anga ni safi, na habari hiyo inatumwa kwa redio kwa Tibbets aliye njiani. Ulikuwa mji wa watu wapatao 350,000, na mawingu yangalikuwapo asubuhi hiyo, huenda leo tungalikuwa tunataja jina la mji mwingine.

Saa 7:31. King'ora cha salama. Watu wanatoka mahandakini. Maelfu ya wanafunzi wa miaka 12 na 13 wanapanga mistari katikati ya mji, wamepewa kazi ya kubomoa nyumba ili kuacha uwazi wa kuzuia moto endapo mji utashambuliwa.

Saa 8:15. Bomu linaachiwa, likilenga daraja la Aioi. Linaanguka kwa sekunde 43 na kulipuka kwenye kimo cha mita 600 hivi, juu ya hospitali ya Shima. Chini yake joto la ardhi linapita nyuzi 3,000. Halafu upepo wa mlipuko, halafu moto. Haya yameandikwa sana, nayo ni kweli. Kilichochelewa kueleweka ni kile kilichopita bila sauti ndani ya dakika ya kwanza, yaani mionzi iliyopenya kuta na miili ya watu na kuwaacha baadhi yao wakisimama bila jeraha, wakishukuru kuwa wamesalimika.

Karibu saa 8:45. Mvua inaanza, nayo ni nyeusi. Mlipuko na moto vimeinua masizi, vumbi na mabaki ya bomu hadi juu sana, sasa vinarudi kwa matone mazito yanayonata kama mafuta machafu ya gari. Mvua inanyesha zaidi upande wa magharibi na kaskazini-magharibi ya mji, hata vijijini ambako hakuna kioo kilichovunjika. Watu wana kiu ya kuungua. Wanatazama juu na kufungua midomo. Samaki wanaelea wamekufa vijitoni, ng'ombe wanakula majani yaliyolowa, mboga zinaoshwa kwa maji ya visima vilivyoachwa wazi.

Nikiwa Lucky Summer mvua hiyo hainiwii ngumu kuifikiria. Upepo ukigeuka, moshi wa jaa la Dandora unatufikia, na nguo ulizoanika zinabadilika rangi. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi karibu na jaa hilo: nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita mpaka uliokubalika kimataifa wakati huo. Sumu hizo mbili si moja, wala sitaki kuzilinganisha kwa ukubwa. Lakini Dandora angalau inanuka, na pua hukuonya ufunge dirisha. Mvua ya Hiroshima ilikuwa na rangi tu, na ilipokauka hata rangi haikubaki. Mionzi haina harufu wala ladha.

Saa 12 alfajiri. Kwetu kunapambazuka, kwao ni mchana kati. Madaktari na wauguzi wengi wa mji wamekufa au wameumia. Hospitali ya Msalaba Mwekundu bado imesimama na watu wamejaa hadi barabarani. Huko watagundua jambo la ajabu: filamu za eksirei zilizohifadhiwa ghala la chini, ambazo hakuna aliyezitumia, zote zimekwisha kupigwa picha. Kitu kilizipitia mle gizani. Siku mbili baadaye mwanafizikia Yoshio Nishina alifika kutoka Tokyo, na uchunguzi ukathibitisha kwamba lilikuwa bomu la atomiki.

Saa 12 jioni, Jumatatu. Saa kumi na sita baada ya mlipuko, tangazo la Rais Truman linatolewa Washington. Linataja nguvu za bomu, gharama zake na ushindi wa kisayansi. Mionzi haimo. Novemba mwaka huo Jenerali Leslie Groves, aliyesimamia mradi, aliwaambia maseneta kwamba ameelezwa na madaktari kuwa kufa kwa mionzi ni kifo cha raha. Nimesoma maneno mengi ya wakubwa wa vita, na hayo nayaweka mwisho kabisa wa foleni ya aibu.

Baada ya hapo saa hazisaidii tena, maana mkasa ulianza kuhesabiwa kwa majuma. Waliosalimika wazima walianza kutapika na kuharisha. Nywele ziling'oka kwa mafungu, madoa ya zambarau yakatokea ngozini, ufizi ukatoa damu. Hadubini zilipopatikana, chembe nyeupe za damu zilikutwa zimepungua vibaya. Hata baadhi ya watu waliokuwa nje ya mji siku ile na kuingia baadaye kutafuta ndugu zao waliugua. Hadi mwisho wa 1945 waliokufa walikadiriwa kufika 140,000.

Kisha ikaja miaka. Saratani ya damu iliongezeka mwanzoni mwa miaka ya 1950, hasa kwa waliokuwa watoto. Msichana Sadako Sasaki alikuwa na miaka miwili siku ya bomu, na saratani hiyo ikamuua Oktoba 1955. Watoto waliokuwa matumboni walizaliwa baadhi yao na vichwa vidogo na akili iliyodumaa. Saratani za viungo vingine zimeendelea kuonekana uzeeni. Uchunguzi wa miongo mingi haujaonyesha madhara ya kurithi kwa watoto waliotungwa mimba baadaye, lakini wazazi wa mabwana na mabibi harusi hawakungoja utafiti, posa zilikataliwa. Sisi tulioona unyanyapaa wa ukimwi tunalijua jambo hilo bila kuelezwa.

Kwa kuwa bomu lililipuka juu, sehemu kubwa ya mabaki yake ilipeperushwa mbali, na ndiyo maana leo Hiroshima ni mji unaokalika. Hilo halikumaliza kesi za mvua nyeusi. Julai 2021 Mahakama Kuu ya Hiroshima iliamua kwamba watu 84 walionyeshewa nje ya eneo lililochorwa na serikali nao wahesabiwe kuwa waathiriwa. Ilikuwa imepita miaka 76. Anayetambuliwa hupewa kijitabu cha afya kinachompa haki ya matibabu.

Mchimbaji wa Shinkolobwe hana kijitabu. Mgodi ulifungwa rasmi tena mwaka 2004 kwa amri ya serikali ya Kongo. Wachimbaji wadogo hawakuondoka, na Julai mwaka huohuo sehemu yake iliporomoka na kuua watu 8. Leo kuna mpango wa kuchimba urani Namtumbo, kusini mwa Tanzania, na Kenya inazungumzia mtambo wa nyuklia. Mimi sipingi umeme. Nadai jambo moja kwa wabunge wetu na wa jirani, nanyi wasomaji mdai pamoja nami: kabla jiwe la kwanza halijatoka ardhini, pawepo daftari la kila mfanyakazi linaloonyesha kiasi cha mionzi alichopokea, na nakala yake akae nayo mwenyewe.