Kiti Kinachoendeshwa kwa Mdomo

Kiti cha magurudumu cha umeme kilizaliwa na dosari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, George Klein, mhandisi wa Baraza la Taifa la Utafiti la Canada, alibuni kiti cha betri kwa ajili ya askari waliotoka Vita vya Pili vya Dunia wakiwa wamepooza mikono na miguu. Mwaka 1956 kampuni ya Everest & Jennings ya Marekani ikaanza kuviunda viti vya namna hiyo kwa wingi. Lakini kijiti cha kuongozea kilidai mkono wenye nguvu japo kidogo, na aliyevunjika shingo sehemu za juu hana hata hiyo. Aliyekihitaji kuliko wote ndiye aliyebaki akikitazama tu. Tangu hapo wabunifu wamesifiwa kwa kuitia mashine akili, ilhali ufanisi wao mkubwa umetokana na kuuchunguza mwili na kuuliza ni kiungo gani bado kinatii.

Mdomo ndio uliojibu mapema. Katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Reg Maling alishiriki kubuni mtambo wa POSSUM, uliomwezesha mgonjwa aliyepooza kuendesha vifaa kwa kupuliza na kufyonza mrija. Mbinu hiyohiyo ikaingia kwenye viti: kwa mpangilio uliozoeleka, ukipuliza kwa nguvu kiti huenda mbele, ukifyonza kwa nguvu hurudi nyuma, ukifanya hivyo polepole, hukata kona. Mwigizaji Christopher Reeve, aliyeumia shingo mwaka 1995, alikiendesha chake hivyo huku akitegemea mashine ya kupumulia. Hapo pana la kushangaza, maana msukumo hutoka mdomoni na mashavuni, wala hauhitaji mapafu yenye nguvu.

Wapo watakaosema mrija umepitwa na wakati. Hoja yao ina uzito: mwaka 2013 kundi la Maysam Ghovanloo wa chuo cha Georgia Tech lilichapisha majaribio ya kiti kinachoongozwa na sumaku ndogo iliyotogwa ulimini, na waliopooza walifanya kazi walizopewa kwa kasi ya takriban mara tatu ya mrija, bila kupungukiwa usahihi. Ila ulimi ulifaulu kwa sababu neva yake hutoka moja kwa moja kwenye ubongo, bila kupitia uti wa mgongo ulioumia. Bado ni suala la kiungo. Wengine hutarajia kiti kitakachosoma mawazo na kuumaliza mjadala, lakini kofia ya elektrodi inayonasa ishara za ubongo huhitaji kurekebishwa mara kwa mara na humchosha mtumiaji kwa kumtaka akazanie fikra zake, wakati mrija humwacha huru mara tu anapouachia. Mrija nao una mpaka wake: kwa mwenye ugonjwa unaodhoofisha misuli, midomo inayotii leo huenda ikagoma mwakani. Kwake yeye, kiti cha maana ni kile kinachokubali kubadilishiwa swichi, kutoka mdomoni hadi kichwani, kisha machoni, bila kununuliwa upya.