Hesabu ya Siku Iliyopotoka



Wiki hii tunaomba ruhusa ya kuzungumzia hedhi, jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona tu, ingawa historia yake imeligusa Kanisa kwa karibu.

Mwaka 1827 mtaalamu Karl Ernst von Baer alieleza jinsi alivyoliona yai la mamalia, naye alilikuta katika mbwa jike. Wataalamu waliomfuata waliendelea kuchunguza wanyama. Mbwa jike hutokwa na damu karibu na siku zake za kushika mimba. Basi wakakisia kwamba yai la mwanamke nalo hutoka wakati wa hedhi. Wakafundisha kuwa siku za katikati ya mwezi hazina mimba. Mwaka 1853 Roma iliulizwa juu ya wanandoa waliofuata hesabu hiyo, ikajibu kwamba wasisumbuliwe. Jibu hilo la kichungaji lilikuwa la busara, bali hesabu ya madaktari ilikuwa kinyume kabisa. Tunawafikiria akina mama walioshika mimba katika siku zile zile walizoambiwa kuwa ni salama!

Sahihisho lilitoka Niigata, Japani. Daktari Kyusaku Ogino, aliyechunguza vifuko vya mayai wakati wa upasuaji, alieleza mwaka 1924 kwamba yai hutoka kati ya siku ya 12 na ya 16 kabla ya hedhi inayofuata. Tuangalie vema: kabla ya inayofuata, si baada ya iliyopita. Sehemu ya kwanza ya mzunguko ndiyo inayorefuka na kufupika; ya pili haibadiliki sana. Hermann Knaus wa Austria alifikia jambo lililokaribiana na hilo, na mwaka 1930 daktari Mkatoliki wa Uholanzi, John Smulders, akatunga kalenda.

Kalenda haikuwafaa wenye mizunguko isiyotabirika. Ndipo paroko mmoja Mjerumani, Wilhelm Hillebrand (ndiyo, paroko!), alipotumia joto la mwili mwaka 1935, kwa kuwa joto hupanda kidogo yai likishatoka. Kuanzia mwaka 1953, huko Melbourne, John Billings, na baadaye mkewe Evelyn, walichunguza ute wa uzazi.

Hata hivyo, mzunguko uliovurugika si swali la kalenda tu. Hedhi kukoma miezi mitatu bila mimba, damu nyingi kupita kiasi, au maumivu yanayomtoa binti darasani, huweza kutokana na uvimbe katika mji wa mimba, homoni zilizovurugika, au endometriosisi, yaani tishu inayofanana na utando wa ndani ya mji wa mimba kuota nje yake. Kumwambia binti huyo avumilie msalaba wake si ushauri wa kiroho. Apelekwe hospitali. Huko ataulizwa tarehe ya hedhi yake ya mwisho. Basi akina mama wawafundishe mabinti zao kuziandika tarehe hizo daftarini.