Mzee Khimji, kriketi ya Oman na watoto wetu

Kila mwaka kurasa hizi hutukumbusha Desemba 9, 1961 na mwenge uliopandishwa Kilimanjaro. Mwaka huu tumeomba nafasi kwa jambo dogo zaidi, ambalo watoto wetu wenyewe ndio waliotuuliza: iweje Oman, nchi ya mawe na jua kali, icheze Kombe la Dunia la kriketi, na timu ya wakubwa ya Tanzania bado?

Swali lilizaliwa wadini. Anayekaa Ibra, Nizwa au Sur anaijua Ijumaa ya huku. Jua likianza kulegea, vijana wa Kipakistani, Kihindi na Kibangladeshi, hao wanaotujengea nyumba na kutushonea nguo, hushuka kwenye changarawe, wakapanga kreti za soda kuwa wiketi, wakacheza na mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa umeme. Sisi wauguzi tunawajua kwa vidole. Usiku wa Ijumaa hakosi mmoja anayekuja na kidole kilichovimba, anacheka, anaomba afungwe haraka arudi kwa wenzake. Watoto wetu huenda kutazama, na siku hizi wanaitwa kudaka mipira. Wachache kati yetu tuliosomea shahada ya uuguzi India tulirudi tunaujua mchezo huu kwa lazima, maana huko siku ya mechi hata wodi husikiliza redio. Basi maswali yakatuangukia sisi.

Kriketi haikuwa ngeni kwa wazee wetu. Unguja Waingereza na Wahindi walicheza Mnazi Mmoja, na watu wa Ibra na Sur waliohamia kule lazima waliwaona wakipita. Dar es Salaam walicheza Gymkhana. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kwanza lilipofanyika Uingereza, Afrika Mashariki ilipeleka timu moja ya wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Nahodha alikuwa Harilal Shah, na mwandishi John Nagenda wa Uganda alikuwamo. Walicheza na New Zealand, India na England, wakafungwa mechi zote tatu. Lakini walikuwako. Oman wakati huo haikuwa hata na chama cha kriketi.

Chama kilikuja 1979, na aliyekiongoza tangu mwanzo ni Kanaksi Khimji. Alizaliwa Maskati mwaka 1936, katika ukoo wa wafanyabiashara waliotoka Kutch, Gujarat, ambao biashara yao Maskati ilianza 1870. Sultani Qaboos alimpa cheo cha sheikh, naye ni Mhindu wa dini. Wazee wetu waliosema Baniani mbaya kiatu chake dawa hawakumfahamu huyu.

Tuseme wazi, hakuwa kocha wa watoto. Alikuwa tajiri, na fedha zilimsaidia. Ila matajiri Maskati ni wengi. Kilichotushangaza tulipoisoma habari yake ni muda. Kwa miaka mingi kriketi ya Oman ilichezwa juu ya saruji iliyotandikwa mkeka, kuzunguka kwake changarawe tupu, mpira ukiruka popote. Hakuna kombe lililokuwa linakuja, wala runinga iliyokuwa ikitazama. Yeye aliendelea kuwa mwenyekiti, ligi ikaendelea, watoto wa shule za Kihindi wakawa na mahali pa kuingia wakimaliza masomo. Mwaka 2000 Oman ikapokelewa katika Baraza la Kriketi la Kimataifa. Mwaka 2011 baraza hilo likampa tuzo ya utumishi wa maisha. Baadaye ukapatikana uwanja wa nyasi Al Amerat, nyuma ya milima ya Maskati.

Machi 9, 2016, huko Dharamsala, Oman iliifunga Ireland katika Kombe la Dunia la mizunguko 20. Mzee alikuwa hai kuiona siku hiyo. Ya pili hakuiona. Alifariki Februari 2021, na Oktoba 17 mwaka huo huo Kombe la Dunia likafunguliwa pale pale Al Amerat, Oman ikiishinda Papua New Guinea bila kupoteza wiketi hata moja. Miezi minane tu! Sisi tunaokaa na wagonjwa tunajua jinsi watu wanavyoondoka mlangoni mwa jambo walilolingoja.

Mtoto mmoja akatuuliza: na Kenya je? Kenya ndiyo inayouma. Mwaka 2003, Steve Tikolo akiwa nahodha, ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, baada ya kuifunga hata Sri Lanka mjini Nairobi. Nani kati yetu hakujivuna? Lakini waliokuwa uwanjani walizeeka na nyuma yao hawakuwapo wa kutosha, viongozi wakigombana, na kufika 2014 Kenya ilikuwa imepoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Nusu fainali hailei watoto.

Nyumbani Tanzania mambo yamekwenda kinyume chake, kimya kimya. Mchezo uliokuwa wa klabu chache za Waasia na Wazungu ulipelekwa kwenye shule za kawaida, na mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la umri wao kwa mara ya kwanza. Huo ndio uhuru tuliowaeleza wanetu safari hii, na waliuelewa upesi kuliko hotuba.

Sasa turudi wadini. Al Amerat ni zaidi ya kilomita 100 kutoka kwetu, na hakuna mzazi wa zamu anayeweza kuendesha huko kila wiki. Tumepata mkeka wa zamani, mipira sita na watoto kumi na mmoja, wanne wao wasichana. Fundi mmoja Mpakistani, yule yule wa kidole, amekubali kuwafundisha kurusha, mradi awepo mtu mzima wa kwetu wa kuwasimamia na kuwarudisha nyumbani kabla ya Magharibi. Wazazi watatu tumegawana Ijumaa, lakini wawili ni wauguzi na ratiba ya zamu haitungoji. Ijumaa mbili za mwezi huu hazina mtu. Atakayeweza aje mapema, achukue kofia, na maji awaletee ya kutosha.