Masharti Manne ya Tangi Dogo: Historia Fupi ya Kufuga Matumbawe

Mtu anayeanza kufuga matumbawe katika tangi dogo la kioo hupewa masharti manne na waliomtangulia. Aanze na matumbawe laini. Ayaweke chini kwanza, mbali na taa, kisha ayapandishe polepole. Aache nafasi kati ya tumbawe na tumbawe. Na achukue vipande vilivyokuzwa na wafugaji, si vilivyong'olewa baharini. Katika insha hii nitayasoma masharti haya kama mwanahistoria asomavyo hati, nikiuliza kila moja lilitoka wapi na gharama yake ililipwa na nani. Hoja yangu ni kwamba yote yalipatikana kwa kupoteza viumbe wengi, na kwamba sharti la nne, lililochelewa kuliko yote, ndilo zito zaidi.

Tukumbuke kwanza kwamba tumbawe ni mnyama, wala si jiwe. Lile jiwe tunaloliona katika kuta za nyumba za kale za Lamu au Zanzibar ni mifupa iliyoachwa na wanyama wengi wadogo walioishi pamoja.

Mwaka 1846, Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster, aliyaona matumbawe madogo huko Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, akayapeleka London. Aliyashona juu ya sponji kwa sindano na uzi ili yasitikisike njiani. Maji ya bahari yalipoanza kuchoka, mtumishi wake aliyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha ili yapate hewa. Mikono ya mtumishi huyo ilifanya kazi ambayo leo hufanywa na pampu. Baadaye Thynne aliongeza mwani, na wanyama wake wakaishi karibu miaka mitatu. Lakini sababu moja ya mafanikio hayo ilikuwa aina ya tumbawe lenyewe. Tumbawe la Torquay huishi katika maji baridi, hula kile linachokinasa kwa minyiri yake, na halitegemei mwanga. Kwa hiyo tangu mwanzo, kuchagua mnyama anayefaa kulikuwa nusu ya kazi.

Matumbawe mengi ya bahari za joto yana tabia nyingine. Ndani ya miili yao hukaa mwani mdogo sana, ambao Karl Brandt wa Ujerumani aliupa jina la zooksanthela mwaka 1881. Mwani huo hutengeneza chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Mwaka 1928 na 1929, msafara wa wanasayansi ulioongozwa na Maurice Yonge kwenye miamba mikubwa ya Australia ulionyesha kwamba matumbawe yakifungiwa gizani huupoteza mwani wake. Mwanga mkali wa ghafla nao hudhuru: tumbawe huutoa mwani, likabaki jeupe. Hapa ndipo sharti la pili linapoeleweka. Tumbawe jipya huwekwa chini kwa sababu mwenye tangi hajui lilizoea mwanga wa kiasi gani. Huangaliwa kwa wiki kadhaa. Likijinyoosha sana kuitafuta taa, hupandishwa kidogo.

Sharti la kwanza nalo lina msingi huo huo. Sarcophyton, tumbawe laini linalofanana na ngozi, na Discosoma, lenye umbo la uyoga, huvumilia mwanga wa wastani na maji yanayobadilikabadilika. Acropora hudai taa kali, mkondo wenye nguvu na kalsiamu isiyopungua. Katika tangi la lita 60, maji machache yakikauka chumvi hupanda haraka, na anayeanza hawezi kudhibiti kila kitu. Mwaka 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza namna ya kuyaacha mawe yenye viumbe hai yasafishe maji, kwa msaada wa mapovu ya hewa tu. Wafugaji wa Berlin, mji ulio mbali na bahari, waliongeza taa kali na chombo cha kutoa uchafu kwa povu. Hapo ndipo matumbawe magumu yalipoanza kukua majumbani badala ya kufa polepole.

Sharti la tatu lilifafanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, Judith Lang alipoonyesha huko Jamaika kwamba matumbawe hupigana. Tumbawe moja hutoa nyuzi za tumboni mwake na kuyeyusha nyama ya jirani. Mengine, kama Euphyllia, yana minyiri mirefu inayochoma, hivyo huachiwa sentimita 15 au zaidi. Xenia haichomi, lakini hutambaa kama magugu. Hupewa jiwe lake peke yake.

Masharti hayo matatu yanamlinda tumbawe aliye ndani ya tangi. Ni la nne tu linalomfikiria yule aliyebaki baharini. Kwa miongo mingi kila aliyekufa tangini alirithiwa na mwingine kutoka mwambani, na hasara ikaangukia pwani za mbali na nyumba ya mfugaji. Mwaka 1990 matumbawe magumu yote yaliingizwa katika orodha ya viumbe ambao biashara yao kati ya nchi na nchi huhitaji kibali. Mwaka 1998 joto la bahari liliyafanya matumbawe ya Bahari ya Hindi, pamoja na ya Kenya na Tanzania, kuwa meupe na kufa kwa wingi. Wakati huo njia nyingine ilikuwa tayari imeonekana: Dietrich Stüber wa Berlin alikuwa amekata vipande vya Acropora yake na kuwagawia wenzake, navyo vikakua na kukatwa tena.

Kipande cha tangini hakiwezi kuwa mbadala wa mwamba, na sidai hivyo. Hata hivyo, kinamwezesha anayeanza kukosea bila kuitoza bahari. Kwa sababu hiyo ningelihamisha sharti la nne liwe la kwanza. Mpangilio wa sasa unafuata tarehe ambayo kila jambo liligunduliwa. Mpangilio mpya ungefuata uzito wa gharama, na ungetuma swali la kwanza kwa muuzaji kabla ya taa wala pampu kununuliwa: tumbawe hili limetoka wapi?