Hesabu zilizogonga mwamba Kongwa

Januari 2026 ilitimia miaka 75 tangu serikali ya Uingereza itangaze kwamba mpango wa karanga wa Tanganyika umeshindikana. Sijasikia kongamano lililoitishwa kuukumbuka, Dodoma wala Dar es Salaam. Kongwa inatajwa, na kwa haki kabisa, kwa kambi za wapigania uhuru waliofika kuanzia mwaka 1964: FRELIMO, ANC, SWAPO na wenzao. Lakini kabla ya wapiganaji hao, ardhi hiyohiyo ilipokea kundi jingine lililokuja na matrekta na majedwali ya hesabu. Ukitaka kujua namna biashara kubwa inavyoweza kupotoshwa na takwimu zake yenyewe, sijui darasa lililo karibu nasi kuliko hilo.

Mwaka 1946 Waingereza walikuwa wameshinda vita lakini bado walipewa mafuta ya kula kwa mgawo. Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya United Africa, tawi la Unilever, alikuwa na biashara iliyotegemea mafuta ya mimea. Alipotembelea Tanganyika aliona pori kubwa lisilolimwa, na Machi mwaka huo akaiandikia serikali yake pendekezo: ekari milioni 2.5 za karanga zilimwe kwa mashine, kwa gharama ya pauni milioni 8. Serikali ililipenda wazo hilo. Ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, pamoja na wataalamu wengine wawili, waende wakaangalie. Walizunguka majuma tisa, sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege.

Ripoti yao inafaa kusomwa kwa makini, kwa sababu ni modeli ya biashara kwa maana kamili ya neno hilo. Walichukua shamba moja la ekari 30,000 wakalipa jina la yuniti. Wakakadiria mashine zake, watu wake, mbolea yake, na mavuno ya takribani kilo 340 kwa ekari. Kisha wakazidisha. Yuniti 107 zikatoa ekari 3,210,000: yuniti 80 Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini, 10 Kenya. Ndani ya Tanganyika, yuniti 55 zingekuwa Kusini, 15 Kongwa na 10 Urambo. Mtaji ungekuwa karibu pauni milioni 24 kwa miaka sita, na Uingereza ingeokoa pauni milioni 10 kila mwaka katika gharama za chakula. Februari 1947 hesabu hizo zilichapishwa kama waraka rasmi wa serikali, namba 7030.

Ukizipitia kwa kikokotoo huoni kosa. Kuzidisha ni kuzidisha. Tatizo liko kwenye namba ya kwanza kabisa, ile ya yuniti moja, kwa sababu hapakuwa na yuniti hata moja iliyowahi kulimwa. Gharama ya kufyeka ekari moja ya pori la Kongwa kwa katapila ilikuwa ya kukisia. Muda ambao trekta lingedumu ulikuwa wa kukisia. Kumbukumbu za mvua zilikuwa chache, na kwa karanga mvua ndiyo kila kitu. Kila kisio dogo lililokosewa lilibebwa mara 107, na kwenye jedwali halikuonekana tena kama kisio. Lilionekana kama takwimu.

Kinachouma zaidi ni kwamba Waingereza haohao walikuwa wameonyesha dunia njia bora miaka mitano tu kabla. Wakati wa vita wanasayansi waliofanya kazi na mwanafizikia Patrick Blackett katika kikosi cha anga cha pwani walipewa swali la kwa nini mabomu ya kuzamisha nyambizi yalikosa shabaha. Hawakuanza na fomula. Walianza kwa kuhesabu mashambulizi yaliyokwisha kufanyika na kuangalia nyambizi ilikuwa kina gani kila lilipoanguka bomu. Wakagundua kwamba mabomu yalitegwa kulipuka futi 100 chini, ilhali nyambizi iliyoonekana na rubani ilikuwa bado karibu na uso wa maji. Wakashauri yategwe kulipuka kwenye futi 25, na nyambizi zilizoharibiwa zikaongezeka. Modeli yao ilisimama juu ya jambo lililotokea, likarekodiwa, likahesabiwa. Ya Wakefield ilisimama juu ya dirisha la ndege.

Kongwa ilichaguliwa kuanza kwa sababu iko karibu na Reli ya Kati. Mikoa ya Kusini, iliyobeba zaidi ya nusu ya mpango, haikuwa na reli wala bandari ya maana. Zote zilipaswa kujengwa kwanza. Kwa hiyo hata uamuzi wa mahali pa kuanzia haukutoka kwenye takwimu za udongo. Na pori lililoonekana tupu lilikuwa tupu kwa sababu. Wagogo wanaijua nchi yao kwa majina ya njaa zake. Ile ya Mtunya, iliyoanza mwaka 1917, ilikuwa bado kwenye kumbukumbu za watu wazima waliokuwa wakichunga ng'ombe pembezoni mwa kambi za Waingereza. Hiyo nayo ni data, ya miongo mingi, iliyohifadhiwa vichwani mwa watu. Modeli haikujengwa juu yake.

Yaliyofuata yamesimuliwa sana na Alan Wood, mwandishi wa habari kutoka Australia aliyekuwa mkuu wa habari wa shirika lililoendesha mpango, kabla ya kuondoka na kuandika kitabu mwaka 1950. Matrekta ya kwanza yalikuwa mitumba ya kijeshi, mengine kutoka Ufilipino, na baada ya miezi michache theluthi mbili yalikuwa mabovu. Kampuni ya Vickers ikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Mibuyu iligoma kung'oka, na nyuki waliokaa ndani yake waliwashambulia madereva. Ilipoonekana kwamba mnyororo wa nanga ya meli, ukivutwa na makatapila mawili, ungeangusha miti kwa haraka, ofisi ya London ilidhani oda ya minyororo ya meli kwa ajili ya shamba la bara ni mzaha. Udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi mwingi na chembe kali zilizokula majembe, ulikauka baada ya mvua ukawa kama saruji, na karanga zinazokomalia chini ya ardhi hazikuchimbika. Mwaka wa kwanza zilipangwa ekari 150,000. Zilizosafishwa zilikuwa 7,500 hivi.

Wapo waliosema mapema kwamba panahitajika shamba la majaribio kwanza. Jibu la serikali lilikuwa kwamba watu hawana mafuta na muda wa kujaribu haupo. Profesa Herbert Frankel wa Oxford, aliyeuchambua mpango huo katika gazeti la The Times mwaka 1950, aliona kiini cha msiba hapo: wapangaji walichukulia mambo yasiyojulikana kana kwamba yanajulikana, kisha wakaharakisha. Nakubaliana naye. Naona pia kwamba shamba la ekari elfu moja, misimu miwili tu, lingewaambia karibu kila kitu walichokuja kukilipia kwa mamilioni.

Lakini tukio linalostahili kukaa vichwani mwa watu wa biashara si la vifaru wala nyuki. Ni la wakaguzi wa hesabu.

Mwaka 1948 mpango ulitoka mikononi mwa United Africa ukakabidhiwa shirika la umma, Overseas Food Corporation, chini ya mwenyekiti Leslie Plummer. Sheria iliyoliunda ililitaka litunze vitabu sahihi vya hesabu. Taarifa ya kwanza ya mwaka, iliyoishia Machi 1949, ilipotoka, wakaguzi wa kampuni ya Cooper Brothers walikataa kutoa kile ambacho leo tunakiita hati safi. Walisema kumbukumbu stahiki za hesabu hazikutunzwa. Tafakari maana yake. Mradi uliozaliwa kutokana na jedwali lililojua gharama ya kila ekari hadi mwaka 1953 haukuweza, miaka miwili baada ya kuanza, kusema kwa uhakika ni kiasi gani kilikwisha kutumika na kwa kitu gani. Vifaa vilifika bandarini Dar es Salaam vikasongamana. Vilipopelekwa Kongwa havikuorodheshwa ipasavyo. Makadirio yalikuwepo kwa wingi. Matokeo halisi, ambayo pekee ndiyo yangeweza kuyasahihisha makadirio hayo, hayakukusanywa.

Ugomvi ukahamia London. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliyeubeba mpango tangu mwanzo, aliamua kuwaondoa wajumbe wawili wa bodi. Mmoja alikuwa John Rosa. Mwingine alikuwa Wakefield mwenyewe, mtu ambaye ripoti ya mwaka 1946 inaitwa kwa jina lake. Waliombwa wajiuzulu, wakakataa, wakaondolewa. Rosa na Wakefield walikuwa wawili kati ya wale watatu waliozunguka na ndege. Novemba 1949 Bunge la Uingereza lilijadili suala hilo kwa hasira. Wapinzani walidai uchunguzi huru, Strachey akasimama kuutetea mpango na menejimenti yake, na kwa kura za chama tawala serikali ikashinda. Walibishana nani alaumiwe.

Januari 1951 mpango ukafungwa na zaidi ya pauni milioni 35 za walipakodi zikafutwa vitabuni. Inaelezwa kwamba karanga zilizonunuliwa kuwa mbegu zilizidi zilizovunwa. Reli ya Mtwara kwenda Nachingwea, iliyojengwa kubeba karanga, iling'olewa miaka michache tu baada ya uhuru. Bandari ya Mtwara ilibaki na inafanya kazi mpaka leo.

Mwaka huohuo wa 1951, mwezi Novemba, kampuni ya J. Lyons ya London, wauzaji wa chai na keki, iliwasha kompyuta waliyoijenga wenyewe, LEO, kwa kazi ya kila juma ya kukokotoa thamani ya uzalishaji wa mikate na keki. Miaka mitatu baadaye mameneja wa migahawa yake walikuwa wakipiga simu kila siku kubadilisha oda zao, na mashine ikihesabu kipelekwe nini na wapi. Kilichoingia ni kile ambacho mteja alikula, na kikikosewa leo kinarekebishwa kesho. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo tofauti yote, wala haiko kwenye kompyuta.

Tangu hapo mambo yamekwenda kasi. Jedwali la kielektroniki liliingia sokoni mwaka 1979 na VisiCalc, kisha ikaja Excel, na leo kila mwenye kompyuta anaweza kuzidisha yuniti moja mara 107 bila jasho. Mwaka 2012 M-Shwari ilianza Kenya kukopesha kwa kusoma historia ya simu na M-Pesa ya mteja. Tanzania ikafuata na M-Pawa mwaka 2014.

Hata hivyo, soma upembuzi yakinifu unaopelekwa benki au wizarani siku hizi. Mapato yanapanda kwa asilimia ileile kila mwaka, mvua haikosi, mashine haiharibiki, na ukurasa unaoeleza namba ya kwanza ilipimwa wapi, na nani, na lini, mara nyingi haupo. Wanafunzi wetu wa biashara wanasoma visa vya Detroit na Tokyo na wanahitimu bila kuusikia waraka namba 7030. Kutoka vyuo vya Dodoma hadi Kongwa si mwendo wa siku nzima. Wahadhiri wawapeleke wakiwa na jedwali la Wakefield mkononi, kila mmoja achague namba moja, aulize wenyeji wanaolima pale mtama na karanga wanapata nini mwaka wa mvua na mwaka wa ukame, kisha aijaze upya.