Mgeni Hana Kura za Nyumbani

Mto Lwakhakha si mpana. Anayetoka Sirisia kwenda Mbale hushuka kwenye bodaboda upande wa Kenya, akabadilisha fedha zake kuwa shilingi za Uganda, akavuka daraja. Ng'ambo huamkiwa kwa Kimasaba, ambacho Mbukusu wa Kenya hahitaji mkalimani kukielewa. Hata jando, huku na kule, hufanyika miaka ya shufwa. Lakini kijana huyo akishafika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988, huandikishwa kama mwanafunzi kutoka nchi ya nje. Ugeni wake, basi, umo kwenye makaratasi zaidi ya ulimi. Siku atakapotaka kuongoza wenzake, makaratasi hayo yatakuwa na uzito.

Wengi husema mwanafunzi mgeni hukuzwa na chama cha watu wa kwao: humo ndimo hujifunza kuendesha kikao, kuweka hesabu na kuandika muhtasari. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Chama cha kwao humpa mazoezi. Ukomavu huja anapolazimika kuomba imani ya watu wasiomdai wala kudaiwa naye kitu.

Chuo cha Makerere, Uganda, kinatoa mifano miwili. Julius Nyerere alipofika huko mwaka 1943 kutoka Tanganyika, aliungana na wenzake, miongoni mwao Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, wakaanzisha chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika. Hicho kilikuwa chama cha nyumbani hasa, kikundi kidogo cha watu waliokuwa mbali na kwao. Mwai Kibaki, mtoto wa Othaya huko Nyeri, alifika mwaka 1951; mwaka uliofuata hali ya hatari ikatangazwa Kenya. Aliongoza jumuiya ya wanafunzi wa Kenya chuoni hapo, na katika mwaka wa 1954–55 akawa makamu mwenyekiti wa Guild, chama cha wanafunzi wote. Vyeo hivi viwili havilingani. Cha kwanza kilitegemea Wakenya wenzake. Cha pili kilimtaka akubalike kwa Waganda, Watanganyika na wengine ambao mambo ya Nyeri hayakuwahusu hata kidogo.

Chuo cha Dar es Salaam kilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1967 Yoweri Museveni, Mganda, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, akawa mwenyekiti wake. Hakuanzisha chama cha Waganda. Watanzania walikaa humo pamoja na Wamalawi, naye John Garang wa Sudan akawa mwanachama. Mhadhiri waliyemsikiliza sana, Walter Rodney, alitoka Guyana. Mwaka 1968 baadhi yao walivuka hadi maeneo yaliyokombolewa na chama cha ukombozi cha Frelimo nchini Msumbiji. Katika mkusanyiko wa aina hiyo swali la nani mgeni lilikosa makali, maana kilichowaunganisha kilikuwa msimamo. Novemba 1970 umoja huo ulipigwa marufuku pamoja na jarida lake, Cheche, kwa hoja kwamba Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, ulitosha chuoni.

Kampeni za wanafunzi hazikosi hatari. Machi 2010, katika msimu wa uchaguzi wa Guild ya Makerere, wanafunzi 2 kutoka Kenya waliuawa kwa risasi na mlinzi wa hosteli, na ghasia zikafuata. Baada ya tukio kama hilo ni rahisi kuelewa kwa nini mgeni hujifungia kwa watu wake. Ni ngome yenye joto. Ila aliyemo ndani yake hutoka na kura zile zile alizoingia nazo.

Upande wa Kenya, sheria yenyewe ilibadili hesabu hizo. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yaliondoa kura ya moja kwa moja: kila idara, skuli au kitivo kilichagua wajumbe 3, na wajumbe hao ndio waliochagua viongozi wa baraza la wanafunzi. Wakosoaji walilalamika, si bila sababu, kwamba wajumbe wachache hununulika kwa urahisi kuliko umati. Hata hivyo mfumo huo ulikuwa na tundu ambalo mgeni angeweza kupenya. Chukua Mmasaba kutoka ng'ambo ya Lwakhakha aliyesoma ualimu wakati huo Kibabii, chuo kilichopata hati yake mwaka 2015 karibu na mji wa Bungoma. Watu wa kijijini kwake huenda hawakujaza benchi moja. Lakini waliomjua vizuri walikuwa wale wa idarani: aliowaazima maelezo ya somo, aliobishana nao kwenye kazi za vikundi, aliopanga nao foleni ya chakula. Hao ndio waliopiga kura ya kwanza, na hakuna hata mmoja wao ambaye angemuuliza alivuka daraja gani.